SOMO LA AFYA: MALARIA NI MOJA, VIMELEA VYAKE NI VYA NAMNA NYINGI



Somo letu la safari hii ni juu ya homa ya malaria. Pengine wako watakaosema: "Malaria twaijua, tumezaliwa nayo." Ni kweli. Katika komini yetu ya Butihinda, awe mkulima wa kahawa, mchimba dhahabu, mchukuzi wa mizigo pale mpakani Kobero, au kibarua anayevuka kwenda kulima Tanzania, ni shida kumpata mtu ambaye homa hii haijamlaza kitandani. Lakini kuyajua maumivu si sawa na kumjua adui anayeyaleta.

Tunataka kujibu maswali matatu ambayo wenzetu huuliza kila siku wakiwa kwenye foleni ya kituo cha afya. La kwanza: kwa nini dawa iliyowaponya wazee wetu leo haiponyi? La pili: kwa nini mtu aliyetibiwa vizuri hupata homa tena baada ya majuma matatu? La tatu: kwa nini mganga husisitiza kwamba tumalize vidonge vyote, hata kama homa imepoa siku ya kwanza?

Maswali haya matatu yana mzizi mmoja. Vimelea vinavyoleta malaria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi katika damu, havifanani vyote. Atakayelielewa jambo hili atajua pia la kufanya, na atajua la kumdai mwajiri.

1. Funzo kutoka kwa wafanyakazi wa reli

Kwanza tutoke kidogo nje ya Afrika. Mwaka 1907 reli ilikuwa ikijengwa katika jimbo la Minas Gerais, nchini Brazil. Wafanyakazi wa reli hiyo walikuwa wakianguka kwa malaria, na kazi ikawa inasimama. Daktari kijana, Carlos Chagas, alipelekwa kwenye mji mdogo wa Lassance ili apambane na homa hiyo. Akiwa huko aliona jambo jingine. Ndani ya nyufa za nyumba za udongo za maskini aliishi mdudu mkubwa wa kunyonya damu, aliyetoka usiku na kuwauma watu usoni wakiwa wamelala. Mwaka 1909 Chagas alikikuta kimelea cha mdudu huyo katika damu ya mtoto wa kike wa miaka miwili. Ugonjwa huo, ambao huharibu moyo na matumbo baada ya miaka mingi, leo unaitwa ugonjwa wa Chagas. Kimelea chake ni ndugu wa kile kinacholeta malale huku Afrika.

Mdudu yule ni wa bara la Amerika, kwa hiyo tusiogope nyufa za nyumba zetu kwa sababu hiyo. Tunautaja ugonjwa huu kwa ajili ya funzo moja. Wataalamu walipochunguza vimelea vyake kwa miaka mingi, waligundua kwamba vimegawanyika katika koo sita kubwa, na kwamba mgonjwa mmoja aweza kubeba zaidi ya ukoo mmoja mwilini kwa wakati uleule. Jina la ugonjwa ni moja, lakini waliomo ndani ya damu ni wengi. Na kwetu, mambo ya malaria yako hivyohivyo.

2. Maharage ya mchanganyiko

Kila mkulima wa Burundi anayajua maharage ya mchanganyiko. Mama anapokwenda kupanda huwa na kapu lenye maharage mekundu, meupe, ya madoadoa, makubwa na madogo. Hafanyi hivyo kwa kukosa mpango. Mvua ikizidi, aina moja itaoza na nyingine itasimama. Jua likiwa kali, ile iliyokuwa dhaifu pengine ndiyo itakayozaa. Baada ya mavuno, mbegu ya msimu ujao itatoka kwa yale yaliyopona.

Vimelea vya malaria ndani ya mtu ni kama kapu hilo. Kwetu, kimelea kinachoua zaidi huitwa Plasmodium falciparum. Kila kimoja kina maandishi yake ya urithi, ambayo wataalamu huyaita jeni. Mwaka 2002 maandishi hayo yalisomwa yote kwa mara ya kwanza, zikapatikana jeni zaidi ya 5,000. Katika nchi ambamo mbu ni wengi, mtu mmoja huumwa na mbu mbalimbali, na kila mbu huleta mbegu yake. Kwa hiyo mgonjwa mmoja aweza kuwa na namna mbili, tatu au zaidi za vimelea katika damu yake, wakati karatasi ya maabara inaandika neno moja tu: malaria.

Dawa ndiyo jua kali. Ikiingia mwilini, huviua vimelea vilivyo dhaifu mbele yake. Kikiwamo kimoja ambacho maandishi yake yana badiliko dogo linalokiwezesha kuvumilia, hicho hubaki, nacho ndicho kitakachokuwa mbegu ya msimu ujao.

Tofauti hizi zinatuumiza kwa njia nyingine pia. Kila kimelea cha falciparum kina jeni zipatazo 60 za kukishonea koti, nacho huvaa koti moja baada ya jingine. Askari wa mwili wakilizoea koti la kwanza, kimelea kinavaa la pili. Ndiyo maana mtu aliyeumwa malaria jana aweza kuumwa tena kesho. Anayekulia mahali penye mbu wengi hujifunza makoti mengi kidogo kidogo, na akifika utu uzima homa haimwangushi kwa urahisi. Lakini aliyekulia kwenye milima yenye baridi ya upande wa Gitega, kisha akashuka kutafuta kazi kwenye mashamba ya bondeni, hajayaona makoti hayo. Huyo aweza kuugua vibaya hata kama ana nguvu za kubeba magunia mawili.

3. Mbu ndiye shamba la kuchanganyia mbegu

Watu wengi hudhani kwamba mbu ni mchukuzi tu, kama lori linalopita Kobero na mzigo wa mwenyewe. Sivyo. Ndani ya tumbo la mbu, vimelea vya kiume na vya kike hukutana na kuzaa. Mbu akimnyonya mtu mwenye namna mbili, zile mbili huweza kuchanganya jeni zao, na watoto wanaozaliwa huwa na urithi wa pande zote. Kimelea kinachoivumilia dawa ya kwanza kikikutana na kinachoivumilia dawa ya pili, aweza kuzaliwa mtoto anayezivumilia zote mbili.

Ndiyo kusema kwamba kila shimo la mgodi lililoachwa wazi likajaa maji, na kila mtaro wa shamba uliozibwa na majani, laweza kuwa mahali ambapo mbu huzaliwa na baadaye kwenda kuchanganya mbegu hizo. Chandarua basi kina kazi mbili. Kinamlinda aliyelala ndani, na tena kinamzuia mbu asiende kwa jirani na mzigo mpya.

4. Tuliyoyaona kwa klorokwini

Wazee wanaikumbuka klorokwini, vidonge vichungu vilivyowaponya watu wengi kwa bei ndogo. Kwenye miaka ya mwisho ya 1950 vimelea vinavyoivumilia vilionekana Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini. Mwaka 1978 viligunduliwa Afrika ya Mashariki, katika Kenya na Tanzania. Wengi walidhani kwamba kila nchi ilikuwa imezaa vimelea vyake sugu. Lakini jeni ziliposomwa baadaye, ilijulikana kwamba vile vya Afrika ni uzao wa vile vya Asia. Vilisafiri ndani ya damu ya watu, bila pasi wala ushuru, vikaenea bara zima.

Burundi ililipa gharama hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2000 na kuingia 2001, mlipuko mkubwa wa malaria uliipiga nchi, hasa majimbo ya milimani kama Kayanza, Ngozi na Karuzi. Wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni. Watu wa milima hawakuwa na kinga ya kutosha, na dawa iliyokuwa mikononi mwa waganga ilikuwa imekwisha kushindwa mara nyingi. Mwezi wa Novemba 2003 nchi iliiacha klorokwini, ikaanza dawa ya mseto: artesuneti pamoja na amodiakwini. Baadaye ikaja artemetha pamoja na lumefantrini.

Liko pia tukio la kutia moyo. Malawi iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993. Vimelea sugu vilikosa faida ya usugu wao, vikapungua mwaka hadi mwaka, na vile vya kawaida vikarudi kutawala. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba katika majaribio yaliyofanywa Blantyre klorokwini iliwaponya karibu wagonjwa wote. Hiyo si ruhusa kwetu kununua klorokwini sokoni. Maana yake ni kwamba namna tunavyotumia dawa ndiyo inayoamua ni vimelea gani vitatawala.

5. Hesabu ya vidonge

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme mfanyakazi mmoja ana homa kali, na katika damu yake mna vimelea 100,000,000,000, yaani bilioni mia. Idadi hiyo si ya ajabu kwa mgonjwa.

Kimelea hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa saa 48 hivi, kisha huipasua na kutoa watoto kumi na zaidi. Wataalamu wanakadiria kwamba dawa ya jamii ya artemisinini, katika mzunguko mmoja wa saa 48, hupunguza vimelea mara 10,000. Lakini dawa hiyo haikai mwilini, kwani baada ya saa chache huwa imekwisha. Ndiyo sababu hutumiwa siku tatu, ili ivikute vimelea katika mizunguko miwili.

Mfanyakazi wetu akimeza siku ya kwanza tu, kisha homa ikapoa akaacha, hesabu ni hii: bilioni mia ukigawa kwa 10,000 unabaki na 10,000,000. Homa imekwenda, lakini vimelea milioni kumi vimo. Akimeza siku zote tatu, unagawa tena kwa 10,000, unabaki na 1,000. Hao elfu moja humalizwa na dawa mwenzake, lumefantrini, ambayo hukaa mwilini kwa siku nyingi zaidi. Dawa ya mseto ni kama watu wawili wanaosukuma gari bovu. Mmoja ana nguvu nyingi lakini huchoka upesi, mwingine husukuma polepole bila kuacha.

Kwa mtu mzima, artemetha-lumefantrini ni vidonge 24: vinne kila mara, mara sita katika siku tatu. Mara ya pili ni baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, maana bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri katika damu.

Anayegawa vidonge hivyo nusu kwa nusu na mtoto wake hafanyi hivyo kwa ubaya. Anafanya kwa upendo na kwa umaskini. Lakini wawili hao hubaki na vimelea, na vinavyobaki ndivyo vilivyo hodari zaidi. Mtoto ana dozi yake kwa uzito wake. Tukumbuke kwamba tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano hayalipiwi katika vituo vya serikali nchini Burundi.

Hali ni hiyohiyo kwa chai ya majani ya artemisia, ambayo wengi huisifu. Mmea huo ndiko artemisinini ilikotoka, lakini katika kikombe cha chai kipimo ni kidogo, tena hakijulikani. Ni kuvionyesha vimelea silaha yetu bila kuvipiga. Shirika la Afya Duniani halikubali itumike badala ya dawa. Shirika hilohilo, mwaka 2006, liliyataka makampuni yaache kutengeneza vidonge vya artemisinini peke yake bila dawa mwenzake.

6. Habari kutoka kwa majirani

Haya si mambo ya zamani wala ya mbali. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda vimepatikana vimelea vyenye badiliko katika jeni iitwayo kelch13, badiliko ambalo hufanya artemisinini iviue polepole zaidi. Safari hii vimelea havikutoka Asia. Maandishi yao yalionyesha kwamba vimezaliwa hukuhuku kwetu. Mwaka 2021 ikatolewa habari ya namna hiyo kutoka kaskazini ya Uganda, kwa mabadiliko mengine ya jeni ileile. Mwaka huohuo wa 2021 uchunguzi nchini Tanzania ulilikuta badiliko la Rwanda katika mkoa wa Kagera, hasa wilaya ya Karagwe. Kutoka Kobero ukivuka mpaka unaingia Ngara, nayo Ngara imo katika mkoa huohuo wa Kagera.

Tusitie chumvi. Dawa za mseto bado zinaponya, na atakayeziacha kwa sababu ya habari hizi atajiua bure. Lakini yule msukumaji mwenye nguvu ameanza kuchoka upesi zaidi. Mzigo unamwelemea mwenzake, na naye akichoka gari litasimama.

Tofauti za vimelea huweza kukidanganya hata kipimo. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kwenye kijisahani, mara nyingi hutafuta protini moja ya kimelea. Nchini Eritrea iligunduliwa kwamba vimelea vingi vimeipoteza jeni ya protini hiyo. Mgonjwa alikuwa na malaria, kipimo kikasema hana. Mwaka 2016 nchi hiyo ilibadili vipimo vyake. Kwa hiyo mtu akiambiwa hana malaria na homa ikaendelea, arudi kituoni aombe damu itazamwe kwa hadubini.

7. Homa inaporudi

Sasa tulijibu swali la pili. Homa ikirudi baada ya majuma matatu, kuna mambo mawili yawezekanayo. Ama vimelea vya kwanza havikuisha, ama mbu mwingine ameleta vipya. Kwa macho hatuwezi kutofautisha. Wataalamu huchukua tone la damu siku ya kwanza na tone jingine homa inaporudi, wakalikausha kila moja kwenye kipande cha karatasi, kisha wakalinganisha jeni. Zikiwa sawa, dawa imeshindwa. Zikitofautiana, dawa ilifanya kazi yake na mtu ameambukizwa upya.

Kwa hiyo mfanyakazi akiombwa tone la damu kwa ajili ya uchunguzi wa namna hiyo, asikimbie. Ni kwa matone kama hayo nchi hujua wakati wa kubadili dawa kabla watu hawajafa kama ilivyokuwa zamani. Lakini ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, damu yake yaenda kufanya nini, na ana haki ya kukubali au kukataa bila kupoteza kazi wala matibabu.

8. Wajibu wetu na madai yetu

Kwa upande wetu wafanyakazi:

(a) Tupimwe kabla ya kumeza dawa, na tumalize dozi ya siku tatu.
(b) Tusinunue vidonge vya rejareja sokoni, visivyo na pakiti wala tarehe.
(c) Tulale ndani ya chandarua, pia tukiwa kwenye kambi za mashamba na migodini.
(d) Anayetoka kazini ng'ambo ya mpaka akiwa na homa aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto mwenye degedege, mtu anayetapika kila anachokula, asiyejitambua, au mama mjamzito mwenye homa, asingoje hata saa moja.

Kwa upande wa mwajiri, kamati za tawi zina haki ya kudai:

(a) Mahali pa kazi pawe na vipimo na dawa kamili za mseto, siyo vidonge viwili vya kutuliza homa kisha mtu arudishwe kazini.
(b) Mgonjwa aliyethibitishwa apewe siku zake tatu bila kukatwa mshahara. Anayeogopa kukosa posho ya siku ndiye huacha dawa katikati.
(c) Mashimo ya mgodi yaliyokwisha kazi yafukiwe, na mitaro isafishwe.
(d) Wanaolala kambini wapewe vyandarua, na vibadilishwe vikichakaa.

Mwajiri akisema kwamba malaria ni jambo la nyumbani kwa mfanyakazi na haimhusu, tumjibu kwa hesabu ile ya vidonge. Dozi iliyokatizwa ili mtu awahi zamu huacha mamilioni ya vimelea katika damu ya mtu huyo, na mbu wa kambi hawachagui kati ya kibarua, karani na msimamizi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako jinsi mgonjwa mmoja anavyoweza kuwa na vimelea vya namna nyingi.
2. Mwenzenu amemeza vidonge vinane na amepata nafuu. Vilivyobaki anataka kumwekea mkewe. Mtamwambia nini, na mtamsaidiaje ili mkewe naye apate dawa?
3. Tembeeni mahali penu pa kazi. Andikeni kila mahali penye maji yaliyotuama, na jina la anayehusika kupaondoa. Karatasi hiyo ipelekwe kwenye kikao kijacho cha tawi pamoja na mwajiri.
4. Katika tawi lenu, je, mgonjwa wa malaria hulipwa siku anazougua? Kama halipwi, andikeni dai lenu.